Umepewa makadirio makubwa ya matengenezo ya gari Dar es Salaam? Tafuta kipimo cha pili kabla hujalipa

Makadirio yoyote ya gereji yana mambo matatu ndani yake: uchunguzi (nini kimeharibika), spea (zipi, za aina gani, kwa bei gani) na ufundi. Wengi wakishatajiwa milioni mbili au tatu hukimbilia gereji nyingine na kuuliza, "Wewe kazi hii utanifanyia kwa shilingi ngapi?" Wanachopata hapo ni bei ya pili tu. Fundi wa pili anaweza kukupunguzia laki tano kwenye gia boksi ambayo haikuwa mbovu, ukaondoka unashukuru huku umeibiwa mara mbili. Kinachotakiwa kwanza ni kipimo cha pili. Bei huzungumzwa baada ya kujua ugonjwa.

Mwongozo huu ni kwa kazi kubwa: oveholi ya injini, gasketi ya silinda hedi, gia boksi, kontroli boksi (kompyuta ya injini), stelingi raki, masega ya ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi), kompresa ya AC. Kwa brekipedi, plagi au betri usijisumbue. Uliza bei maduka mawili, umalize.

Zuia gari lisifunguliwe

Hili ndilo jambo linaloharibu kila kitu baadaye. Silinda hedi ikishatolewa, huwezi tena kupima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) wala kuona kama mfumo wa maji unavuja kwa ndani. Gia boksi ikishashushwa, hakuna atakayeendesha gari asikie linavyobadilisha gia. Ushahidi wote unabaki kwenye maneno ya aliyefungua. Kwa hiyo siku ile ile unapotajiwa jumla kubwa, tuma ujumbe wa maandishi, si simu peke yake:

"Habari za kazi fundi. Naomba usifungue kitu chochote zaidi mpaka nikupe jibu. Naomba na mchanganuo wa kazi yote kwa maandishi, pamoja na picha za sehemu zenye kasoro na majibu ya vipimo ulivyofanya."

Fundi anayejua kazi yake hatachukia ujumbe huu. Mwombe pia asifute kodi (namba za hitilafu) kwenye kompyuta ya gari na asichomoe terminali ya betri bila sababu, kwa kuwa kwenye magari mengi kuchomoa betri kunafuta kodi pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: joto, mzunguko, mwendo. Fundi wa pili anazihitaji hizo.

Kama gari lina bima kubwa na tatizo limetokana na ajali au mafuriko, piga simu kwa kampuni ya bima kabla ya gereji yoyote kugusa. Mkaguzi wa bima akikuta kazi imeshaanza, madai yako yanaingia kwenye mabishano.

Makadirio yaandikwe hivi

Karatasi yenye mstari mmoja, "kutengeneza injini, 3,200,000", haina cha kulinganishwa. Dai vitu hivi: dalili uliyolalamikia, kipimo kilichofanyika na namba yake, kasoro iliyoonekana, kila spea kwa jina, idadi na aina yake (orijino mpya, mpya ya kampuni nyingine, au mtumba wa Japani), bei ya kila moja, ufundi peke yake, kama VAT imo au haimo, na dhamana ya kazi ni ya muda gani au kilomita ngapi.

Angalia hasa sehemu ya kipimo. Ikiandikwa "kompresheni silinda ya 1 ni 185, ya 2 ni 180, ya 3 ni 95, ya 4 ni 182", una kitu cha kuhakikisha. Ikiandikwa "injini imechoka", huna.

Halafu soma mistari ya pesa. Tuseme makadirio ya gasketi ni 1,400,000, tarakimu hizi zikiwa za kuonyesha hesabu tu: ufundi 350,000, seti ya gasketi 280,000, kusawazisha silinda hedi kwa fundi wa mashine 120,000, wota pampu 180,000, kulanti 90,000, na "vifaa mbalimbali" 380,000. Mstari wa kuuliza ni huo wa mwisho, maana ni mkubwa kuliko ufundi wenyewe na hauna jina. Angalia na vipimo vya vimiminika. Toyota IST ya 1500 cc inachukua oili ya injini karibu lita 3.7 pamoja na filta. Kopo la lita 4 linatosha. Ukiandikiwa lita 6, uliza mbili zinakwenda wapi.

Nani atoe kipimo cha pili

Chagua kwa mfumo ulioharibika. Tatizo la gia boksi lipeleke kwa fundi wa gia boksi za otomatiki, la wayaringi kwa fundi umeme wa magari mwenye mashine ya kompyuta, la AC kwa fundi wa AC mwenye geji. Fundi mzuri wa injini anaweza kukosea kabisa kwenye CVT (gia boksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua), wala si kosa lake kutokuijua.

Asiwe mtu uliyeelekezwa na fundi wa kwanza, na asiwe wa banda la jirani. Kwenye mitaa yenye gereji nyingi mafundi huazimana vifaa na wasaidizi, na habari za gari lako hufika kabla yako. Gari liko Sinza, kapimie Tabata au Mbezi.

Kubaliana naye malipo ya uchunguzi peke yake, na mwambie mapema kwamba kazi yenyewe huenda usimpe. Maneno haya yanatosha: "Kaka, nataka unipimie tu, nitakulipa ya kupima. Kutengeneza tutaongea baadaye." Anayekataa kulipwa kupima na kusema "lete tu, tutaona" anategemea kurudisha muda wake kwenye spea zako. Kuna pesa ya kupima ambayo inauma kuitoa, lakini hiyo ndiyo inayomweka fundi huru kukuambia gari halina tatizo kubwa.

Usimwonyeshe makadirio ya kwanza, wala usimtajie kilichosemwa. Mpe dalili tu: lilianza lini, likiwa la moto au la baridi, kwenye foleni au kwenye mwendo, AC ikiwa imewashwa au la, nini kilitengenezwa karibuni, kilomita ngapi. Ukimwambia "wamesema gasketi", ataanza kutafuta gasketi.

Vipimo vya kuomba

*Gari linachemsha, umeambiwa gasketi.* Jijini kuchemsha ni ugonjwa wa kawaida, na sababu ndogo ni nyingi kuliko gasketi: feni haizunguki, mfuniko wa rejeta umelegea, rejeta imeziba kwa kutu ya maji ya bomba, themostati imekwama au ilishatolewa na fundi wa zamani. Kuendesha bila themostati si tiba. Injini inachelewa kufikia joto lake na inakula mafuta zaidi. Kwa hiyo kwanza washa AC uone feni inazunguka. Kwenye magari mengi yenye feni ya umeme inapaswa kuanza. Pili, mfumo wa maji upimwe kwa pampu ya presha injini ikiwa imepoa, hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wa rejeta (mara nyingi 0.9 au 1.1), kisha usubiriwe dakika 10 hadi 15. Mshale ukishuka na nje hakuna tone, maji yanaingia ndani. Tatu, kipimo cha kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiwa inaunguruma: gesi ya moshi ikipenya kwenye maji, bluu inageuka njano. Maji yapunguzwe kidogo kwanza yasifyonzwe ndani ya kifaa, la sivyo jibu halifai. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto kwa sababu yoyote ile.

Gasketi ikithibitika, uliza kama silinda hedi itapimwa kwa rula ya chuma na filageji (vibamba vya kupimia nafasi ndogo). Kwa injini nyingi ndogo za Toyota upindaji unaoruhusiwa ni karibu 0.05 mm. Kufunga gasketi mpya kwenye hedi iliyopinda ndiko kunakoleta gari lile lile gereji tena, na makadirio mengi ya bei rahisi yamepungua kwa kuruka hatua hii. Sababu ya kuchemsha nayo lazima iwe kwenye makadirio. Gasketi haiungui yenyewe.

*Umeambiwa oveholi au injini nyingine.* Omba kipimo cha kompresheni, silinda zote. Injini iwe na joto, plagi zote zitolewe, mafuta na koili vikatwe, pedeli ya mafuta ikanyagwe mpaka chini, betri iwe imejaa. Betri dhaifu inazungusha injini polepole na namba zote zinashuka, kisha unaambiwa injini imekufa. Kwa injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST ya 1500 cc, Toyota inaweka karibu 213 psi (kipimo cha presha), chini kabisa 156, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Silinda ikiwa chini, imwagiwe kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi na ipimwe tena: namba ikipanda, ringi zimelika, ikibaki pale pale, shida iko kwenye valvu au gasketi. Majibu hayo mawili yana bei tofauti sana.

Moshi wa bluu nao una maana yake. Ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukaisha, shuku sili za valvu. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, shuku ringi. Kabla ya yote valvu ya PCV, inayopitisha mvuke wa ndani ya injini, iangaliwe. Ni kipande kidogo, kikiziba injini inaweza kula oili ikaonekana imechoka. Na kama gari "linamisi", yaani silinda moja haichomi mafuta vizuri, hamisha koili ya silinda yenye kosa iende silinda nyingine. Kodi ikihama kutoka P0301 (silinda ya 1) kwenda P0302 (silinda ya 2), umepata mkosaji bila kufungua boliti ya injini.

Masika huleta kesi nyingine. Gari lililozimika ndani ya maji, Jangwani au kwenye barabara yoyote iliyofurika, lisiwashwe tena. Plagi zitolewe, injini izungushwe maji yatoke, kamera ya waya mwembamba ipitishwe kwenye tundu za plagi, kisha kompresheni ipimwe. Silinda moja iliyo chini sana baada ya kumeza maji mara nyingi inamaanisha konirodi (mkono wa pistoni) imepinda, na hapo makadirio makubwa huwa ya haki.

*Umeambiwa gia boksi.* Huku ndiko pesa nyingi hupotea bure. Oili ya gia ipimwe kwa utaratibu wa gari husika. Magari mengi yenye kijiti hupimwa injini ikiwa ya moto na inaunguruma, na mengine hayana kijiti kabisa. Iangaliwe rangi na inuswe: nyeusi yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya. Yenye rangi ya maziwa ya waridi ina maji, na maji mara nyingi hupitia rejeta, kwa sababu kwenye magari mengi kipozea cha oili ya gia kimo ndani yake. Ukibadilisha gia boksi ukaiacha rejeta ile ile, ya pili nayo itakufa. Kisha sufuria ya chini ifunguliwe: unga laini kwenye sumaku ni wa kawaida, vipande vya chuma si vya kawaida. Solenoidi (valvu za umeme za gia boksi) zipimwe kwa mita, maunting za injini na gia boksi ziangaliwe, kodi zisomwe.

Uliza pia oili gani iliwekwa mara ya mwisho. CVT haitaki ATF, oili ya kawaida ya gia boksi za otomatiki. Inataka oili yake iliyotajwa na mtengenezaji, na mtu akichanganya, gari huanza kutetemeka na kukosa nguvu. Mitetemo inayodhaniwa kuwa ya gia wakati mwingine ni injini inayomisi tu.

*Umeambiwa kontroli boksi.* Shuku kwanza waya, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) na voltji. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, isome karibu 12.6, injini ikiunguruma, mita isome takriban 13.8 hadi 14.5. Nje ya hapo rekebisha alteneta kwanza. Kujaribu kontroli boksi ya gari jingine si ushahidi kwenye magari yenye ufunguo wa chipu, kwa kuwa injini inaweza kukataa kuwaka kwa sababu ya ufunguo tu.

*Stelingi raki.* Gari linyanyuliwe, liwekwe kwenye stendi. Shika tairi saa 3 na saa 9 utikise, mchezo unaonyesha tairodi au raki. Saa 12 na saa 6, boljointi au beringi. Mlio wa "ko ko" kwenye matuta mara nyingi ni linki ya stabilaiza au bushi.

*Masega ya ekzosi*, kodi P0420 (masega hayasafishi moshi ipasavyo). Kabla ya kukubali, hakikisha injini haimisi, ekzosi haivuji na sensa ya oksijeni inafanya kazi. Masega ya zamani yana madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, yanauzika. Yakitolewa, yadai.

Kuhusu vifaa vidogo vya bluutuuthi vya kusomea kodi: vinafaa, ila magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaongei navyo vizuri hata kama soketi yenye tundu 16 inaingia. Kifaa kikikataa usidhani gari ni bovu. Tafuta mashine kamili. Na kodi ni mwanzo wa uchunguzi tu. Kodi ya sensa inaweza kuwa waya uliokatika.

Bei za spea

Piga picha kibati cha chesisi. Bila namba hiyo, IST mbili zilizoegeshwa pamoja, NCP60 na NCP61, zinaweza kuuziwa spea zisizoingiliana. Namba ya spea ya Toyota kwa kawaida ina herufi au tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine. Mwombe fundi wa pili au duka ikuandikie. Ukiwa nayo, uliza maduka matatu Kariakoo na Gerezani kwa mpya, na Ilala kwa mtumba. Taja namba hiyo hiyo na aina hiyo hiyo kila mahali, vinginevyo unalinganisha orijino na nakala.

Tofauti utakayoikuta kati ya bei ya duka na ya makadirio ni "cha juu". Kiasi fulani kinaeleweka: fundi ametumia nauli, muda, na anabeba dhamana ya spea ikigoma. Kikizidi hapo, mwambie wazi kwamba utanunua mwenyewe na kumwongezea ufundi. Lakini jua kwamba spea uliyoinunua wewe ikiwa mbovu, kazi ya kuifungua tena ni juu yako. Spea ukiishuku kuwa feki, irudishe dukani na risiti ya EFD, na ikishindikana peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC.

Injini ya mtumba: dai kompresheni ipimwe kabla ya kulipa au dhamana ya maandishi ya kuiwasha, na chukua nyaraka za ununuzi. Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadili injini, namba mpya ifikishwe TRA, la sivyo siku ya kuuza gari utakwama.

Majibu yakipingana

Wasikutane kubishana. Rudi kwa wa kwanza na jibu la kipimo: "Fundi, nimepima kompresheni, silinda zote ziko sawa. Naomba unionyeshe wewe ulichokiona." Anaweza kuwa na ushahidi ambao wa pili hakuuona, kwa mfano kasoro inayotokea gari likiwa la moto tu. Mwache aonyeshe. Asipoweza, amejibu. Kama wote wawili wana vipimo na bado hawakubaliani, lipia kipimo kimoja cha tatu cha jambo lile wanalobishania peke yake, na anza na tiba ya bei ndogo ambayo ingehitajika vyovyote vile, kama oili sahihi ya gia au mfuniko wa rejeta.

Makubaliano ya wawili wasiojuana, kila mmoja kwa kipimo chake, ni sababu nzuri ya kutengeneza. Hapo uliza bei ya gari lako lilivyo sasa sokoni. Matengenezo yakikaribia nusu ya bei hiyo, fikiria kuliuza likiwa bovu.

Kutoa gari na kutoa kazi

Lipa uchunguzi na ufunguaji uliokubaliana. Deni ndogo ndiyo inayofanya gari lishikiliwe. Kabla ya kuondoka hesabu: betri, koili, sensa, masega, redio, spea tairi, jeki. Sehemu zilizofunguliwa ziingie kwenye boksi, zipigwe picha. Gari linalochemsha, lenye taa ya oili nyekundu au breki zisizoshika lisiendeshwe hata kilomita moja. Ita brekidauni na kubaliana bei kabla halijafungwa mnyororo.

Atakayepewa kazi apewe kwa maandishi: spea kwa namba, ufundi, siku ya kumaliza, dhamana. Toa pesa ya spea kwanza, sehemu ya ufundi katikati, iliyobaki baada ya majaribio. Spea za zamani urudishiwe zote, na tia alama ya rangi kwenye mpya kabla hazijafungwa. Majaribio yasiwe kuzunguka mtaani dakika tano. Gari lililotengenezwa kwa kuchemsha lipande kilima cha Kimara na kurudi kwenye foleni ya Ubungo, AC ikiwa imewashwa, huku wewe na fundi mnaangalia geji. La gia boksi lijaribiwe likiwa la baridi na tena baada ya nusu saa ya mwendo. Asubuhi inayofuata, injini ikiwa imepoa, pima maji na oili, angalia chini ya gari, ndipo umalizie ufundi.